Nilihama Msikiti kwa Sababu ya Majora Mawili

Mwaka 2017 nilihama msikiti. Wa kwetu hapa Ngamiani, Tanga, uko hatua themanini kutoka ilipo cherehani yangu. Nikauacha, nikawa nakwenda kuswali barabara saba mbele, jua la adhuhuri limewaka, kanzu imenata mgongoni. Majirani wakanisifu. Mmoja akamwambia mke wangu, mumeo kashika dini siku hizi, kila hatua anaandikiwa thawabu. Mke wangu akanyamaza. Alijua kwamba kwenye ule msikiti wa karibu anaswali mzee niliyemkopa majora mawili ya kitambaa cha kanzu, shilingi 420,000, na ahadi yangu ilikuwa imepita miezi mitatu.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema fedha na ibada haviingiliani, huwa najiuliza kama amewahi kuchagua msikiti kwa kuangalia nani hayumo.

Yale majora niliyachukua nikitegemea Idi. Idi ikaja, watu wakanunua kanzu za tayari za dukani, mimi nikabaki na kitambaa. Nikaona aibu kumwambia mzee. Nikaenda kuchukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa: shilingi 300,000, marejesho shilingi 13,000 kila siku kwa siku thelathini. Piga mwenyewe hesabu. Riba tupu, na nilijua ni riba. Hata hizo laki tatu hazikumfikia mzee, zikaishia kwenye kodi ya fremu na ada ya mtoto. Sasa nikawa na wadai wawili.

Dada wa marejesho alikuwa anakuja saa kumi jioni, watu wanatoka alasiri. Basi alasiri yangu ndiyo ilikuwa hivyo: mdomo unasoma Alhamdu, kichwa kinasoma daftari. Suruali ya mwalimu elfu sita, kupunguza gauni elfu tatu, bado elfu nne. Siku moja nilitoa salamu sijui nimeswali rakaa tatu au nne. Nikarudia, na nilipomaliza kurudia sikuwa na uhakika vilevile.

Halafu uongo. Mama mmoja aliniletea kitambaa cha gauni la harusi ya mdogo wake, akaacha shilingi 20,000 ya kutangulizia. Jioni ileile 13,000 ikaenda kwenye marejesho. Zipu sina, bitana sina. Akija namwambia njoo kesho, bado vifungo tu. Gauni lenyewe halijakatwa. Utani wa fundi na kesho yake upo tangu zamani na watu wanaucheka, lakini mimi sikuwa nimechelewa, nilikuwa naongopa, mchana kweupe, na udhu wangu.

Chuoni, kwenye madrasa ya utotoni, tulisomeshwa kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiomba ndani ya swala akingwe na dhambi na deni. Akaulizwa, mbona deni unaliombea kinga mara nyingi hivyo? Akajibu kuwa mtu akidaiwa, akizungumza huongopa, na akiahidi huvunja. Hadithi hiyo nilikuwa naijua kwa moyo tangu utotoni. Sikujua tu kwamba inazungumzia zipu na bitana.

Mwisho nilichoka. Alfajiri moja nikaswali msikiti wetu, nikamsubiri mzee barazani pake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Huko unakoswali siku hizi imamu anasoma vizuri?"

Alikuwa anajua siku zote. Nikamweleza kila kitu, hata kausha damu. Qur'ani inasema mdeni aliyebanwa apewe muda mpaka apate nafuu. Mzee hakunisomea aya, alinimiminia kahawa, kisha akauliza: "Kwa wiki unaweza shilingi ngapi bila ya kunidanganya?" Nikasema thelathini. Akacheka. Nikasema kumi. Akasema hapo sasa tunaongea.

Ijumaa arobaini na mbili. Kila baada ya swala nampa elfu kumi yake, anaweka alama kwenye karatasi aliyoikunja ndani ya kofia. Kausha damu nayo niliimaliza, cherehani moja iliuzwa.

Kwa hiyo wewe unayedaiwa na unajificha, ushauri wangu ni huu: nenda, tena uende na kiasi unachokiweza kweli, kile cha kumfurahisha kiache. Usikope kulipa deni. Na fedha ya mteja aliyotanguliza usiiguse mpaka ununue vitu vyake. Yangu siku hizi inakaa kwenye kopo la maziwa, kila bahasha na jina lake. Ni jambo dogo, lakini tangu nianze hilo kopo sijamwambia mtu "vifungo tu".

Wakati ule nimebanwa, jamaa mmoja mwenye nyumba tatu za kupangisha alinikumbusha kuwa utajiri si wingi wa mali, ni utajiri wa nafsi. Hadithi sahihi kabisa, wala siipingi. Ila nyumbani kwangu hapakuwa na sukari, na yeye alikuwa ameshiba. Dini hii hii ina nguzo tano, na mbili kati yake, zaka na hija, zinataka mali. Na katika mafungu manane yanayostahiki zaka, wadeni ni fungu mojawapo. Mimi sijawahi kumiliki thamani ya gramu 85 za dhahabu ya kunipasa kutoa zaka ya fedha, lakini natamani nifike, na sioni kama kutamani huko ni kupenda dunia.

Sasa niseme na upande wa pili, maana kuna msomaji ameshaanza kufurahi. Baadaye nilipata mafundi wawili na kazi za sare za shule. Nikatulia. Ramadhani ikafika, na kwa fundi cherehani kumi la mwisho ndilo la mavuno: watu wanalipa hata mara mbili ili nguo itoke kabla ya Idi. Mwaka huo nilishona usiku kucha, naisikia tarawehe ya jirani kwa kipaza sauti huku mguu uko kwenye pedali. Usiku wa ishirini na saba, ule mtukufu ambao watu huukesha kwa ibada, nilikuwa napiga pasi kola. Deni sikuwa nalo hata senti moja, na msikitini sikuwepo vilevile.

Tangu hapo daftari la oda nalifunga mwezi 15 Ramadhani. Anayekuja tarehe 16 namwelekeza kwa fundi wa barabara ya pili. Mke wangu hajakubali mpaka leo. Kila mwaka, ukifika mwezi 20, anakaa mlangoni anahesabu kwa sauti wateja wanaopita na vitambaa vyao kwenda kule.