Kuacha siku moja ya kongamano na kwenda matembezi: je, ni dhambi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mwimbaji katika timu ya sifa na kuabudu. Kanisa limetuchangia nauli na malazi twende kwenye kongamano la kuabudu la siku nne, mbali na nyumbani. Siku ya tatu baadhi yetu tunataka kwenda ziwani kutwa nzima, turudi usiku. Kiongozi wetu bado hajui. Dada mmoja aliposikia akasema huko ni kumwibia Mungu. Mwingine anasema hata ziwani tutaabudu, kwa hiyo tuondoke alfajiri kimya kimya. Mimi nimebaki njia panda. Je, ni dhambi?

JIBU: Amina, dada yangu katika Bwana.

Kwenda ziwani si dhambi. Lile la kuondoka alfajiri kimya kimya, huku nauli ni ya kanisa, ndilo lililonifanya niisome barua yako mara ya pili.

Kwanza hili la kumwibia Mungu. Maneno hayo yametoka Malaki 3:8, na nabii mwenyewe anakitaja kilichoibwa: zaka na dhabihu. Vipindi vya kongamano havimo. Torati iliagiza sikukuu tatu kwa mwaka ambazo kila mwanamume wa Israeli alipaswa kuhudhuria mbele za BWANA (Kumbukumbu la Torati 16:16). Kongamano lenu, hata likiwa na wahubiri wazuri kiasi gani, si mojawapo ya hizo. Ni jambo jema lililopangwa na ndugu kwa ajili ya kujengana, na anayekosa siku moja hajavunja amri ya Mungu. Anayekutisha kwa Malaki anakutwika mzigo ambao Malaki hakuuandika.

Pumziko nalo lina nafasi yake. Mitume waliporudi kutoka kazini, watu wakija na kwenda hata wakakosa nafasi ya kula, Bwana aliwaambia, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo" (Marko 6:31). Wakapanda mashua. Lakini endelea kusoma: makutano waliwatangulia kwa miguu, na Yesu alipowaona akawahurumia, akaanza kuwafundisha. Pumziko aliloliruhusu mwenyewe likakatizwa na watu wenye haja, na hakuwafukuza. Kwa hiyo matembezi ni halali, ila si haki ya kudaiwa kwa nguvu. Ikiwa siku hiyo ya tatu mna zamu ya kuimba, sioni la kujadili: imbeni.

Sasa tuje kwenye fedha. Wengi hutetea matembezi ya namna hii kwa Kumbukumbu la Torati 14:24-26, na kweli ni andiko tamu. Mwisraeli aliyekaa mbali aliruhusiwa kuigeuza zaka yake kuwa fedha, aifunge mkononi, na akifika mahali pa ibada anunue chochote ambacho nafsi yake inatamani, ale mbele za BWANA na kufurahi pamoja na nyumba yake. Mungu aliiweka furaha ya msafiri ndani ya bajeti ya ibada! Ila angalia fedha hiyo ilitoka wapi. Ilitoka katika nafaka na mifugo ya msafiri mwenyewe. Ya kwenu imetoka mifukoni mwa watu wengine, na pengine mmoja wao ni mama mjane aliyetoa akiamini kwamba mnakwenda kujifunza na mtarudi kuwafundisha wengine. Mchango una neno ndani yake: mliomba kwa ajili ya jambo fulani, wakatoa kwa ajili ya jambo hilo.

Paulo alikuwa mkali kwa nafsi yake katika habari hizi. Alipopeleka mchango wa makanisa hakutaka kwenda peke yake, bali alifuatana na ndugu waliochaguliwa, ili mtu asipate neno la kumlaumu. Alitaka yaliyo mema "si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu" (2 Wakorintho 8:21). Anayesema "Mungu anaujua moyo wangu" amesema kweli, lakini mhazini wa kanisa haujui. (Hata Yona, alipomkimbia BWANA, alijilipia nauli.)

Kuna pia suala la wenzenu. Katika Luka 2 familia ya Yesu inarudi kutoka sikukuu ya Pasaka. Yusufu na Mariamu wanakwenda mwendo wa kutwa wakidhani mtoto yumo katika msafara, kisha wanaanza kumtafuta kwa jamaa na marafiki. Bwana wetu hakutenda dhambi, na alikuwa hekaluni, mahali bora kuliko pote. Hata hivyo mama yake alisema walimtafuta kwa huzuni. Kama aliyebaki hekaluni alitafutwa hivyo, sembuse waliotoweka alfajiri katika mji wa ugeni, na kiongozi ndiye atakayeulizwa habari zao na wazazi na waume?

Na yule ndugu wa "hata ziwani tutaabudu" nina neno naye. Ni kweli Yesu alimwambia mwanamke Msamaria kwamba waabuduo halisi watamwabudu Baba katika roho na kweli, wala si lazima mlima huu au Yerusalemu (Yohana 4:21-23). Lakini asilitumie andiko hilo kama pazia. Mnakwenda kuogelea, kula samaki na kucheka. Semeni hivyo! Kupumzika ni sababu ya kutosha, haihitaji kuvikwa joho la ibada. Kweli aliyoitaja Bwana inaanzia hapo.

Basi mwendeeni kiongozi wenu kabla ya safari, si usiku wa siku ya pili mkiwa mmeshapanga gari. Mwambieni mnataka siku gani, mnakwenda wapi, mtarudi saa ngapi, na kwamba gharama zote za ziwani mtazitoa wenyewe. Mwombeni kila kipindi mtakachokosa awepo mwenzenu wa kuwaandikia mafundisho. Akikubali, nendeni kwa amani, na yule dada wa Malaki mwalikeni.

Akikataa, bakini. Mnaweza kuuliza kama inafaa kuongeza siku moja baada ya kongamano kwisha, malazi ya usiku huo yakiwa juu yenu. Mimi ningeanza na ombi hilo.