Valium haipunguzi mafaili mezani

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni afisa ustawi wa jamii huku halmashauri, kesi zangu nyingi ni watoto waliofanyiwa ukatili. Siku hizi silali, simu ikiita usiku moyo unaenda mbio, wanangu nawafokea bila sababu. Jamaa wa duka la dawa alinipa Valium, vidonge vya kutuliza na kuleta usingizi, nina kama miezi minne nayo ila sasa kimoja hakinilazi. Niongeze, au nijaribu unga wa kutoa stresi wanaouza WhatsApp? Wenzangu wanasema ntazoea tu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiongeze, na usikate ghafla pia. Hiyo dawa ni ya muda mfupi, ukikaa nayo miezi mwili unaizoea ndo maana kimoja hakikulazi, na ukiikata siku moja unaweza kutetemeka, kukesha, hata kupata degedege. Inapunguzwa kidogo kidogo chini ya mkono wa daktari, nenda kliniki ya afya ya akili hospitali ya mkoa na uwaambie ukweli unameza vingapi. Huo moyo kwenda mbio nao waupime, inaweza kuwa ni kiwewe cha hizo kesi, na kinatibika.

Sasa hili la "utazoea" ndo linaniudhi kuliko yote. Unakaa na mtoto anakueleza alivyofanyiwa, unampeleka dawati la jinsia polisi, anaeleza tena, hospitali tena, mahakamani anaulizwa yale yale na wewe uko pembeni yake, halafu mtu anakwambia uzoee! Wengi ninaowaona "waliozoea" wameingia ganzi tu, wanamkaripia mama wa mtoto, faili halifuatiliwi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema wazi kuchoka kwa namna hii kunatokana na stresi ya kazini isiyoshughulikiwa. Kazini jamani! Kwahiyo mwombe mkuu wako mpokezane zamu za simu za usiku, na kikao cha kupitia kesi ngumu na afisa mzoefu, sio kile cha kuulizwa ripoti iko wapi.

Huo unga achana nao. Muulize muuzaji ndani kuna nini, atakutajia majani saba bila kipimo hata kimoja. Na nyie wa maduka ya dawa mnaotoa Valium bila cheti kama pipi, acheni, maana kuna watu wanameza na bia juu ili walale, na mchanganyiko huo unaweza kumkata mtu pumzi usingizini. Kama umeshakunywa pombe leo, hicho kidonge usikiguse.