Machicha ya nazi yalivyoniaibisha kwa mwenye nyumba

Juzi kuna dada kaniandikia inbox, eti kila siku anayawekea maua yake maganda ya ndizi na bado yanazidi kuwa ya njano, afanyeje. Nilicheka halafu nikaona aibu, maana huyo ni mimi mtupu wa mwaka juzi.

Nimepanga Tabata, uwanja sina, nina kibaraza na ndoo zangu za rangi za lita 20. Nilisikia uchafu wa jikoni ni mbolea basi nikawa natupia kila kitu juu ya nyanya, maganda ya viazi, majani ya chai, machicha ya nazi, yaani pishi likiisha tu mimi huyo kibarazani. Wiki haikuisha. Wakaja sisimizi, wakaja nzi, asubuhi moja nafukua nakuta machicha yameshikana kama kitumbua na funza weupe wanachezacheza humo ndani. Mwenye nyumba akasimama mbele ya wapangaji wote, "Mama, unafuga nini hapa?" Watu wakafa kwa kicheko. Mpaka leo inaniuma, sitadanganya.

Sasa dada yangu, vitu vibichi vikiozea kwenye mizizi vinamaliza hewa, mmea unadhoofika. Ozesha kwanza, ndo uupe mmea. Mimi nina ndoo ya mfuniko nimeitoboa kwa msumari wa moto, chini majani makavu ya mwembe, juu uchafu uliokatwakatwa, halafu makavu tena, na makavu yawe mengi kuliko mabichi, hapo ndo wengi mnafeli. Nageuza kila Jumamosi. Chukua konzi moja ya huo mchanganyiko ukamue, ikichuruzika maji ongeza makavu au maboksi yaliyochanwa. Kwa joto la Dar mimi nasubiri kama miezi mitatu, inatoka mbolea nyeusi, inanukia udongo uliopigwa na mvua. Changanya kopo moja kwa makopo matatu ya udongo.

Maganda ya mayai kausha utwange, mazima utayakuta vilevile mwakani. Nyama, samaki na mafuta usiweke, utaita panya. Makavu yawe mengi, narudia.

Na jamani tuache uvivu, unamwaga maganda jalalani asubuhi, jioni unanunua mbolea dukani, halafu unalia maisha magumu!

Mwezi uliopita mwenye nyumba yule yule kamtuma mwanae na kikombe, anaomba pilipili. Nimempa. Ila nilizihesabu, sita tu.