Bendera ya Sultani wa Zanzibar: nyekundu tupu au yenye karafuu?

Swali: Nashona mavazi ya mchezo wa kuigiza kuhusu vita vya Zanzibar vya 1896. Kwenye intaneti nimekuta bendera ya Sultani yenye karafuu mbili, lakini fundi mmoja mzee ananiambia ilikuwa nyekundu tupu. Nimfuate nani?

Jibu: Msikilize mzee. Kwa mwaka 1896 unahitaji kitambaa chekundu kitupu, bila duara, bila maandishi, bila hata pindo jeupe. Pindo hilo si jambo dogo. Mkataba wa 1820 uliwataka masheikh wa pwani ya Ghuba waliopatana na Waingereza wapeperushe nyekundu iliyozungushiwa nyeupe, wakati nyekundu tupu ilibaki ya Maskati, Oman, na ndiyo iliyokuja Unguja na mtawala wake, Sayyid Said bin Sultan. Ukitia pindo kwa kupendezesha tu, umeshona bendera ya wengine.

Wengi huniuliza wekundu ule ulimaanisha nini, wakitarajia niseme damu ya mashujaa. Hayo ni mazoea ya bendera za uhuru. Hii ilikuwa ya Busaidi, ukoo wa masultani hao, na kazi yake kubwa ilikuwa baharini: nahodha ajue chombo kile ni cha nani kingali mbali. Hata Mombasa, juu ya Fort Jesus, ilipepea hiyohiyo zama za Waingereza, kwa kuwa Mwambao, ukanda wa pwani ya Kenya wenye upana wa maili 10, ulihesabika bado milki ya Sultani.

Ya karafuu ilikuja na uhuru, tarehe 10 Desemba 1963, chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah. Wekundu ulibaki, katikati likatiwa duara la kijani lenye karafuu mbili za njano. Hapo ndipo bendera ilipoanza kutaja zao la visiwa badala ya ukoo peke yake. Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yakaishusha. Siku ukiishona, kumbuka karafuu ni tumba: kikonyo, meno manne, na kichwa cha mviringo katikati yake. Nimeona zilizoshonwa zikawa misumari.

Sasa jukwaani. Tarehe 27 Agosti 1896, bendera ya kasri la Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani bila ridhaa ya Waingereza, ilipoangushwa kwa mizinga yao, mapigano yalikoma, hata saa moja haijatimia. Kwa hiyo usiifunge fundo gumu. Itabidi idondoke kila onyesho.