Mama mkwe hajakosea, wewe ndio unaficha

"Shangazi, mama mkwe alikuja kutoka Murang'a wiki 2 zilizopita na hataki kurudi. Amemnyang'anya mzee wangu ATM, amepigia ndugu zake wote wasimtumie hata shilingi, na sasa anasema Jumamosi anambeba ushago akae huko bila kuonja pombe mpaka akili irudi. Ati mimi ndio namharibu. Mume wangu si mlevi, ni fundi wa stima ana stresi za kazi, asubuhi anachukua tu kwota ya pombe ndio mikono itulie, na jioni kidogo na marafiki. Mwaka jana nilimfungia kwa nyumba siku mbili bila pombe, akaanguka akatetemeka mwili mzima akatoa povu, nikaogopa, tangu siku hiyo namnunulia mwenyewe. Huyu mama nimwambieje aende kwake bila kuvunja ndoa yangu?" Mama Wawili, Kayole.

Pole Mama Wawili. Kulala kando ya mtu ukisikiza kama bado anapumua si maisha, na naona unampenda. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako ilikuwa ndefu, hiyo hapo juu nimeifupisha, na nilipoisoma mara ya pili nikahesabu, mama mkwe umemtaja mara kumi na moja na pombe mara tatu. Ulisema pia umekopa chama ukalipa deni lake la pombe kwa wainsi, na ulipigia mdosi wake ukasema ana malaria. Halafu unaniambia si mlevi. Sasa mama, mtu si mlevi lakini mikono haitulii bila kwota? Hiyo sentensi moja ndio barua yako yote, hayo mengine ni kelele.

Wacha nikueleze kile kinaendelea kwa huo mwili ju sidhani kuna mtu amewahi kukukalisha chini akakueleza. Pombe inapooza ubongo, ndio maana ya kwanza inamfanya mtu alegee acheke. Lakini ubongo haukai bure ukipoozwa kila siku, unajiongezea kasi ili mtu abaki macho, na ndio unaona yule alikuwa analewa na chupa mbili sasa anamaliza mzinga na anaongea vizuri, watu wanamsifu ati ana kichwa ngumu, kumbe ni ugonjwa umeingia. Sasa usiku pombe ikiisha kwa damu, ile kasi inabaki peke yake bila breki. Saa kumi na moja asubuhi anaamka na jasho, moyo unakimbia, kikombe cha chai anakishika na mikono miwili na bado kinamwagika. Ile anakunywa hapo ndio atulie, vijana wanaita kutoa loki. Hatafuti raha hapo, raha iliisha kitambo, anatafuta tu kuwa mtu wa kawaida aweze kufunga vifungo vya shati. Na hiyo unaita "tu kwota" ni mililita 250, ikiwa ni ile kali ya asilimia 40 basi ni kama amekunywa zaidi ya chupa 4 za bia za nusu lita kabla watoto hawajaenda shule, halafu anapanda ngazi kushika nyaya za stima. Hilo halikukoseshi usingizi, linalokukosesha ni mama yake?

Ile siku alianguka, hakurogwa na haikuwa hasira. Mtu amezoea pombe kiasi hicho akikatizwa ghafla, kifafa kinaweza kuja kati ya masaa 6 na masaa 48 tangu anywe ile ya mwisho, na siku ya pili au ya tatu wengine wanaanza kuona vitu havipo, wadudu kwa ukuta, watu wanawaita, joto linapanda. Inaua. Kati ya vitu watu wanatumia mtaani, pombe ni moja ya zile chache ambazo kuziacha ghafla bila daktari kunaweza kumpeleka mtu kaburini. Wewe ulijifunza somo nusu, ukaona kumkataza ni hatari ukaamua kumnunulia. Nusu ingine ni hospitali.

Nakuambia haya kwa ukali ju nilikuwa wewe. Mdogo wangu nilimfichia miaka sita. Nilikuwa napiga simu kazini kwake nasema ana malaria, nasema ni typhoid, nasema tuna matanga, mpaka siku moja karani wao akaniuliza kwa upole kama kuna mtu amebaki kwetu. Nilikuwa nikifua nguo zake usiku ndio mama asisikie harufu. Tulimzika na ini limeisha, na mama aliniuliza swali moja tu pale kwa kaburi, mbona hukuniambia. Waswahili walisema mficha maradhi kifo humuumbua na mimi nilikuwa naijua hiyo methali tangu darasa la nne.

Kwa hivyo mimi niko na mama mkwe wako. Amefunga mfereji wa pesa, sawa kabisa. Amesema unamharibu, ni kweli ingawa inauma. Hizi ndoa za siku hizi mmefundishwa ati mama mkwe ni adui akipita mlango tu, mnakaa kwa vikundi vya simu mkipeana mbinu za kumfukuza, na mwanaume anaoza ndani ya nyumba mkimpaka rangi nje. Mnadhani heshima ya ndoa ni jirani asijue. Jirani anajua! Baa kisheria tangu 2010 siku za kazi zinafaa kufunguliwa saa kumi na moja jioni, wewe unatoka alfajiri na leso kugonga dirisha la nyuma la mtu akuuzie, unadhani ploti yote imelala? Na hao watoto wawili wanajua kuliko jirani, mtoto akisikia mlango anajua kwa hatua tu baba amekuja vipi.

Lakini kuna mahali huyo mama anaenda kukosea, na ni wewe umemkosesha. Anataka kumpeleka ushago akae bila kuonja. Ndio kile ulifanya mwaka jana. Na sijaona popote kwa barua yako ukisema ulimwambia kuhusu ule kifafa, nadhani hajui. Anaona kijana mkaidi wa kunyoroshwa na shamba na maziwa, hajui anabeba mtu anaweza kuangukia kwa matatu hata kabla hawajafika Kenol.

Kwa hivyo Jumamosi hakuna kuenda Murang'a. Pigeni 1192, ni laini ya bure ya NACADA, wale wa serikali wa kupambana na pombe na dawa za kulevya, waulizeni mahali pa kuanzia, ama mumpeleke hospitali ya Mathari pale Thika Road, wana kitengo cha waraibu. Atapewa dawa za kutuliza zinapunguzwa siku baada ya siku, na vitamini B1 ju pombe huimaliza mwilini na bila hiyo kumbukumbu inaweza kupotea isirudi. Mpaka siku hiyo msimkatize ghafla, na kwa ngazi na nyaya asiende. Akianguka tena ama aanze kuona vitu, hiyo si ya kungoja kesho. Baada ya hospitali ndio ushago, ndio mikutano ya AA, kile kikundi cha walevi wanasaidiana kuacha, ndio kazi yenyewe inaanza, na anaweza kurudi kwa chupa zaidi ya mara moja, usishangae.

Daktari atauliza anakunywa ngapi, ya mwisho ilikuwa saa ngapi, na kama amewahi kuanguka. Useme ukweli wote, hakuna malaria.

Na usingoje Jumamosi. Usiku wa leo watoto wakilala mpikie huyo mama chai, kaa chini karibu naye, umwambie ile siku mtoto wake alitoa povu kwa sakafu yako na ulikuwa peke yako.