Tukisaini sisi ndugu, anaweza kuchomwa sindano?

SWALI: Tunaishi Lowell, Massachusetts. Mdogo wangu wa kiume amelazwa hospitali ya magonjwa ya akili bila hiari yake. Anakataa dawa, anasema sindano ya mwaka jana ilimkakamaza shingo. Daktari anakwenda mahakamani. Hatuwezi kusaini sisi ndugu yakaisha? – Dada mtu

JIBU: Pole sana, dada. Saini yenu haina nguvu hapo. Tangu hukumu ya mahakama ya juu ya Massachusetts katika kesi ya Rogers, mwaka 1983, mgonjwa anayekataa dawa za saikosisi (ugonjwa wa kuona au kusikia yasiyokuwapo) jimboni humo hapewi kwa lazima mpaka jaji aridhike kwamba hawezi kujiamulia. Kulazwa tu si ushahidi wa hilo. Daktari humpa bila kumsubiri jaji pale tu penye dharura, mfano mgonjwa anapoanza kupiga watu.

Maombi mahakamani huwa mawili, la kuendelea kumlaza na la kumpa dawa. Yakipelekwa pamoja, la kumlaza husikilizwa kwanza. Likikataliwa, la dawa nalo huanguka.

Jaji haulizi dawa ipi ni nzuri. Anauliza: huyu mtu, akili yake ingekuwa imetulia, angechagua nini? Anapima mambo sita: aliyowahi kusema kuhusu dawa, dini yake, uamuzi utakavyoigusa familia, madhara ya dawa, atakavyokuwa akitibiwa, na asipotibiwa. Hapa ndugu wengi hukosea, wakasimama kusema "anazihitaji". Hilo daktari atalisema. Nyinyi leteni maneno yake alipokuwa mzima: ujumbe wa WhatsApp aliowaandikia kuhusu ile shingo, tarehe yake, jina la dawa, kipimo. Kama alikuwa akikubali vidonge na kukataa sindano tu, semeni hivyo hivyo.

Mdogo wako hupewa wakili na mahakama bila malipo asipoweza kumlipa. Mwombeni atafute daktari huru wa akili, naye hulipwa na serikali. Kiingereza kikimpiga chenga mdogo wako, adai mkalimani wa mahakama. Wewe usimtafsirie, huruma itakuponyoka mdomoni.

Halafu isomeni karatasi ya mpango wa tiba pamoja na wakili. Ina dawa zilizoombwa, kiwango cha juu kwa siku, na dawa mbadala. Mara nyingi dawa iliyomdhuru mgonjwa hujificha kwenye hizo mbadala. Ikiwamo, wakili aombe ifutwe kabla jaji hajasaini, kwa sababu amri ikishatoka hudumu hadi muda wa kulazwa uishe, na kwa mara ya kwanza huo waweza kufika miezi 6.