Duboisi kwenye tangi la lita 60
Ndugu, umeuliza kama duboisi wawili, samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, watakaa kwenye tangi lako la lita 60. Hapana, tafadhali usiwanunue bado. Samaki hawa ni wagomvi mno. Wakiwa wawili watatu, mnyonge huandamwa mpaka afe. Anza na kundi la 12 au zaidi, tangi la lita 300 kwenda juu, ili kipigo kisimwangukie mmoja. Chakula ndipo wafugaji wengi wanapowaua: utumbo wao ni mrefu, wa kula mwani wa mawe. Wape spirulina, chakula cha mwani mkavu. Ukiwazoesha minyoo au nyama, tumbo huvimba na wengi hawaponi. Maji: pH (kipimo cha asidi) 8 hadi 9, nyuzijoto 25 hivi. Na yale madoa meupe yaliyokuvutia ni ya utotoni, wakikua hupotea.